Mashine ya 40 na boti ya futi 28: kisa cha mwalo wa Kasenyi

Hajati alinijia asubuhi ya Jumatatu, kabla sijafungua hata boksi la spana, na shutuma yake ilikuwa moja: mashine aliyouziwa, ya nguvu za farasi 40, imelogwa. Kwenda kisiwani na kurudi, boti yake ilikuwa inameza lita 83 za petroli, na bado kuna boti zenye mashine ndogo zilizokuwa zinampita akiwa amepakia. Hasara alikuwa anaweza kuivumilia. Kilichomchoma ni kwamba baria wa zile boti nyingine (baria ndio mabaharia wetu wa huku Uganda) walikuwa wanampungia mkono wakimpita.

"Fundi, mwanangu, arobaini inapitwaje na ishirini na tano?"

Swali zuri. Nilimwomba aniache na boti siku mbili. Nilikaa nayo wiki mbili.

Kasenyi ni mwalo, yaani kituo cha boti za uvuvi, wa Ziwa Victoria upande wa Entebbe, boti za kwenda visiwa vya Ssese na Koome zinatokea hapo. Kazi ya Hajati ni sangara, mputa kwa lugha ya hapa. Boti inatoka na barafu, mafuta, soda na abiria wawili watatu, inarudi na samaki waliolazwa kwenye barafu. Simu yangu ilipima kilomita 31 kutoka mwaloni hadi kisiwani. Boti yenyewe ni ya mbao, ina mkuku (uti wa chini) mrefu, omo (mbele) iliyochongoka kama zile za Ssese, na tezi (nyuma) iliyokatwa bapa ili kubeba mashine. Mbao zikishalowa, boti tupu inakaribia kilo 1,300. Ongeza samaki, barafu, baria wanne na madumu, unafika tani 3.

Urefu wake ni futi 28 kwa sababu sheria inataka hivyo. Jeshi lilipokabidhiwa ulinzi wa uvuvi mwaka 2017, mitumbwi mifupi kuliko hapo ilikamatwa na mingi ikachomwa moto hadharani. Waliobaki ziwani wakalazimika kuchonga mirefu. Jambo hili lina uhusiano na mashine kuliko watu wanavyodhani: mazoea mengi ya mwaloni kuhusu farasi ngapi zinatosha yalitokana na mitumbwi midogo ya zamani. Boti zilirefuka, ushauri ukabaki ule ule, na ambao hawakuuamini waliruka moja kwa moja hadi 40.

Hajati yeye alishauriwa na shemeji yake wa Mombasa. Shemeji ana boti ya futi 28 vilevile, ana mashine ya 40, na inaruka juu ya maji kama pomboo. Nimeona video. Hakudanganya. Ila boti yake ni ya faiba, tumbo bapa nyuma, na ikishabeba watu wanne na nyuzi zao za kuvulia haizidi tani 1. Akamtafutia Hajati mashine ya mkono wa pili, ya 40, tustroki (aina inayochanganyiwa oili kwenye petroli), ikapandishwa lori hadi Kampala. Ilikuja na propela yake. Na ilikuja na chumvi: nilipofungua njia za maji ya kupoza nilikuta ukoko mweupe mgumu kama wa birika la chai. Ndiyo maana mkojo wa mashine, ule mchirizi wa maji unaotoka pembeni, ulikuwa mwembamba na wa moto. Hilo nililisafisha, nikabadili impela inayosukuma maji hayo, likaisha. Lilikuwa ndilo dogo kuliko yote.

Kubwa niliona nilipozunguka nyuma ya boti.

Ubao wa tezi ulikuwa umekatwa katikati kwa msumeno. Pengo la upana wa mikono miwili, kina cha sentimita 8, kingo bado zina nyuzi za mbao, na juu yake limepigiliwa kipande cha tairi ili mashine ikae kwa upole. Nikapima. Ubao mzima ulikuwa na kimo cha sentimita 50. Mashine aliyotafuta shemeji ina shafti (mguu unaoshuka majini na propela) fupi, ile ya inchi 15, yaani sentimita 38. Shafti ndefu ni inchi 20, karibu sentimita 51. Boti ya Hajati ilijengwa kwa shafti ndefu, ikanunuliwa fupi, nahodha akaona propela inaning'inia, akaita seremala, seremala akaleta msumeno. Wangekata zaidi wangefika kwenye maungio ya mkuku, kwa hiyo wakaishia sentimita 8, na propela bado ikawa juu kuliko inavyotakiwa.

Kuna bamba bapa juu ya propela ambalo wengi wanadhani ni la kukanyagia. Bamba lile linatakiwa liwe usawa wa chini ya boti, au chini kidogo yake, kama upana wa kidole gumba. Likiwa juu, propela inavuta hewa kutoka usoni mwa maji. Mashine inalia, boti haiendi. Kwenye mawimbi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kila wimbi likipita propela inabaki kwenye povu na mizunguko inapaa ghafla. Pistoni hazipendi mchezo huo.

Lakini mimi hofu yangu ilikuwa lile pengo lenyewe. Boti ikiwa na tani 3, tezi inakaa chini. Nahodha akipunguza mwendo ghafla, wimbi lake mwenyewe linamfuata na kuingia kwa nyuma, palepale alipokata ukuta. Nilimuuliza baria mmoja kama wamewahi kuingiza maji. Akacheka, akanionyesha makopo mawili ya kuchotea, yote yameshachakaa midomo. Kukata ubao wa tezi ili mashine iingie ni sawa na kubomoa kizingiti cha nyumba ya bondeni ili kitanda kipite, na nitalisema hili mbele ya seremala yeyote.

Sasa nikiri kosa langu. Nilikuwa nimeona yote haya, na bado nilianza na propela, kwa sababu ni rahisi: nati moja, pini moja, dakika kumi. Propela iliyotoka Mombasa ilikuwa na pichi ya 13. Pichi ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inajikaza kwenye ubao mfano wa skrubu. 13 ni inchi 13. Pichi kubwa ni gia kubwa. Inafaa boti nyepesi iliyokwisha kuinuka juu ya maji. Ukiiweka kwenye boti nzito, ni kama kupanda mlima na gia ya nne. Nikafunga kipima mizunguko kwenye waya wa plagi, tukapakia magunia ya mchanga kilo 1,200, tukatoka. Mkono wa mafuta mwisho kabisa, mizunguko 3,900 kwa dakika. Kitabu cha mashine ile kinataka 4,500 hadi 5,500. Mashine ilikuwa inakabwa koo.

Nikaweka pichi ya 11. Kwa kawaida kila inchi moja ukipunguza inakupa mizunguko kati ya 150 na 200, wakati mwingine zaidi kidogo. Tukapata 4,400. Nikafurahi, nikampigia Hajati kabla ya kujaribu kwenye mawimbi. Siku ya pili upepo ulipoamka, propela mpya ikavuta hewa kuliko ile ya kwanza, mizunguko ikaruka juu ya 6,000, nikazima mwenyewe kwa mkono unaotetemeka. Nilikuwa nimetibu mguu wa mgonjwa mwenye jeraha la kichwa.

Tena hata 4,400 bado ilikuwa chini ya kitabu. Hapo ndipo suala la mwinuko linaingia, na ndilo ambalo shemeji hakuwa na sababu ya kulijua. Mombasa mashine inavuta hewa ya usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ni nyembamba, na mashine ya karbureta inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu: asilimia 11. Ile 40 huku ni 35 na kitu. Ile 25 inakuwa 22. Kwa hiyo ukisoma ushauri wa watu wa pwani, propela yao ishushe pichi inchi moja kwanza kabla hujaanza kufikiria uzito wa boti. Jeti za karbureta nazo, vitundu vinavyopitisha petroli: zilizopimwa kwa hewa nzito ya pwani zinamwaga petroli nyingi mno kwa hewa yetu, ndiyo maana plagi za Hajati zilikuwa nyeusi na laini kama masizi ya sufuria. Kwenye Ziwa Albert, ambalo liko karibu na mita 620, tatizo hilo ni nusu yake. Nimewahi kurekebisha mashine za Wanseko na tofauti inasikika kwa sikio.

Masizi yale yalikuwa na mzazi wa pili. Nilikaa na baria wakati wanachanganya mafuta. Dumu la lita 10, na chupa ya soda ya nusu lita. Wanajaza chupa oili hadi shingoni, wanamimina yote. Nikawauliza kipimo wamekitoa wapi. "Oili haijawahi kuua mashine, fundi." Mashine ile inataka sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 200 kwenye dumu lile. Wao walikuwa wanaweka moja kwa 20. Moshi ulikuwa unamfuata Hajati hadi kisiwani kama mke mwenza.

Baada ya hapo nikaacha kuitazama mashine, nikaitazama boti, jambo ambalo lilitakiwa liwe la kwanza.

Boti inayopasua maji, isiyopanda juu yake, ina mwendo wake wa asili, nao unategemea urefu wake majini. Chukua urefu wa mstari wa maji kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34, unapata mwendo kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Boti ya Hajati ikiwa imepakia, mstari wa maji ni futi 25. Kipeuo ni 5. Noti 6.7, sawa na kilomita 12.4 kwa saa. Boti zetu ni nyembamba, kwa hiyo zinaweza kuiba kidogo juu ya hapo, lakini kila kilomita ya ziada unainunua kwa bei ya kulangua, kwa sababu mashine inakuwa inapandisha boti kwenye mlima wa wimbi lake yenyewe. Ili uukwee mlima huo na kuruka kama shemeji, unahitaji farasi mmoja kwa kila kilo 20 hadi 25. Tani 3 zinataka farasi 120 na zaidi. Hakuna anayepeleka samaki hivyo.

Tulifanya majaribio na mchanga ule ule, boti ile ile. Kwa majaribio haya nilishapigilia kipande cha ubao kuziba pengo, na mashine mbili za kuazima zilikuwa za shafti ndefu. Ya 15 ilitupa kilomita 10.2 kwa saa. Ya 25, kilomita 12.2. Na ile 40 ya Hajati, kwa safari zake za kweli kabla sijaigusa, ilikuwa inarudi na mzigo kwa kilomita 13. Tustroki ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inakunywa nusu lita au pungufu kidogo kwa kila farasi kwa saa. Ya 15 inarudi kwa saa 3 na lita 22. Ya 25 inarudi kwa saa 2 na dakika 32, lita 30. Ya 40 saa 2 na dakika 23, lita 43.

Nilimwandikia Hajati kwenye karatasi ya boksi la plagi: dakika 9, lita 13. Akaitazama muda mrefu. "Dakika tisa mimi ninazimaliza nikitafuta viatu," akasema.

Mtu atauliza, na nahodha aliuliza: kama hesabu ndiyo hiyo, si tuchukue 15? Lita 22 dhidi ya 30. Siku ya tatu ya majaribio tulilipata jibu bila kulitafuta. Upepo wa kusini uliingia mchana, huu unaokuwa mkali kuanzia Juni hadi Agosti, na tukiwa na 15 mwendo ukashuka hadi kilomita 6 hivi. Boti ilikuwa inapiga magoti kwenye kila wimbi. Safari ya saa 3 ingekuwa saa 5, barafu ingeisha, na kibaya kuliko barafu, mtu anakuwa ziwani jioni wakati mvua za radi za usiku zinaanza kujikusanya. Nguvu ya akiba si anasa. Ila akiba na kiburi ni vitu viwili. Kwa boti hii, mzigo huu, njia hii, 25 ina akiba ya kutosha. Ningekuwa naongelea boti ya futi 36 ya abiria, ningesema 40 bila kupepesa.

Tuliongea pia kuhusu fostroki. Hajati alisikia inaokoa mafuta, na ni kweli, karibu theluthi moja kwa nguvu ile ile, na huchanganyi oili. Lakini ni nzito zaidi kwenye tezi, na oili yake inabadilishwa kila baada ya saa 100. Boti inayofanya safari nne kwa wiki, saa 5 kila safari, inafika 100 kwa wiki tano. Nilimuuliza nani atahesabu saa hizo. Tukamwangalia nahodha. Nahodha akaangalia ndege. Petroli ya visiwani nayo inauzwa kwa madumu ambayo jana yalikuwa na maji, na fundi wa karibu anayejua valvu yuko huku bara. Tustroki ikizima kati ya Koome na Kasenyi, baria anaifungua kwa spana moja na kisu. Niliona fostroki ingekuwa chaguo zuri kwa mwenye nidhamu ya karakana, na Hajati alikuwa ana nidhamu hiyo, ila hasafiri na boti. Tukabaki na tustroki.

Kingine ni wezi. Mashine za 40 ndizo zinazowindwa ziwani, kila mtu wa mwaloni anajua. Sikuiweka kama hoja kuu, lakini Hajati aliiweka.

Aliyekuwa mgumu ni nahodha. Kwake, namba kwenye kifuniko ni cheo. Alisema wenzake watasema Hajati amefilisika. Sikubishana naye kwa hesabu, maana mtu habishani na aibu kwa hesabu. Nilimpa usukani siku ya jaribio la 25, nikakaa omo, nikanyamaza. Alipoona mizunguko 5,200 na mashine inaimba sauti moja bila kukohoa, aliacha kuzungumza juu ya vyeo. Hakunipa mkono wala hakunishukuru, lakini siku iliyofuata aliniletea samaki wawili wakubwa aina ya ngege akasema wametoka kwa Hajati. Hajati hakujua habari hiyo.

Kwa hiyo uamuzi ulikuwa: 25 mpya, tustroki, shafti ndefu, pichi moja chini ya ile iliyokuja nayo kiwandani. Seremala mwingine alitoa ubao wa tezi wote akaweka mvule mzima, kimo cha sentimita 50, ukakalafatiwa na kukazwa kwa boliti. Bamba la mashine likakaa kama sentimita 1 chini ya tumbo la boti. Ile 40 niliishusha jeti, nikaiuza kwa tajiri mwenye boti ya faiba aliyekuwa anatafuta shafti fupi, na kule inafanya kazi aliyozaliwa nayo.

Sasa safari ya kwenda na kurudi inachukua lita 57. Tofauti ni lita 26, ambazo kwa shilingi 5,500 za mwaloni siku ile ni 143,000 kwa safari. Kuna boti mbili bado zinampita. Moja yao nimeshaitazama nyuma: ubao umekatwa.

Chupa ya soda ipo hadi leo. Binti wa Hajati aliichora mistari miwili kwa rangi ya kucha, nyekundu: wa juu mililita 400, kwa saa 10 za kwanza za mashine mpya, wa chini 200 kwa siku zote zinazofuata. Wiki iliyopita nilipita mwaloni nikaiona imelala kwenye dumu. Mstari wa juu mtu ameukwangua kwa kisu.